Mbele ya daktari anaitikia, usiku ananiambia amechoka

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka 24, mzaliwa wa Tanga. Tunaishi Houston, Marekani, mimi, wazazi wangu na mdogo wangu wa kiume ambaye wiki tisa zijazo atatimiza miaka 18. Nakuandikia saa nane za usiku kwa sababu kila mtu ninayeweza kumwambia habari hii atamwambia mama kabla hakujapambazuka.

Miaka miwili iliyopita mdogo wangu aliota uvimbe kwenye shavu la mguu. Tukadhani kaumia mpirani. Mama alimkanda kwa maji ya moto ya chumvi wiki mbili nzima, na hilo mpaka leo linamuuma. Ulipokatwa kipande kikapimwa, tuliambiwa ni rabdomiosakoma ya aina ya alveola, saratani ya misuli inayowashika watoto na vijana, na tayari ilikuwa imeingia kwenye uloto wa mifupa. Akapewa kemo karibu mwaka mzima, na mionzi juu yake. Ikanywea, kisha ikarudi.

Ndipo hospitali ikatuambia kuna njia ambayo kwa ugonjwa huu si ya kawaida: kumpandikiza uloto wa ndugu. Nikapimwa, alama zetu za tishu zikalingana kumi kwa kumi. Mama alisujudu palepale kwenye korido. Nilichomwa sindano za kuongeza seli siku tano, kiuno kikawa kinapwita kama cha bibi kizee, kisha nikalala kwenye mashine saa tano, damu inatoka mkono huu inarudi mkono ule, midomo ikinitekenya kama siafu wanapita juu yake mpaka muuguzi akanipa vidonge vya kalsiamu nitafune. Mfuko ulipojaa ulikuwa na rangi ya mchuzi wa nyanya. Ukapelekwa chumba cha pili, ukatundikwa, ukaingia kwake. Siku hizi damu yake ikipimwa inaonekana ni ya mwanamke. Hilo lilimchekesha sana.

Wiki chache baadaye viganja na nyayo zake zikawa nyekundu kama aliyeshika makaa, akaharisha mpaka akashindwa kusimama. Seli zangu zilikuwa zinamshambulia. Madaktari wamenieleza mara nyingi kwamba si kosa langu, lakini kila nilipomwona anajikuna nilijiona mimi ndiye ninayemuwasha. Walimpa prednisoloni, dawa ya kuituliza kinga, kwa wingi, uso ukamvimba, usingizi ukamkimbia. Sasa ametulia, ila bado anameza dozi ndogo.

Mwezi uliopita kipimo cha CT kimeonyesha madoa mawili kwenye pafu la kulia, na yanakua. Madaktari wametuletea utafiti wa awamu ya kwanza. Watachukua tena damu yangu, wachambue chembe nyeupe zinazoitwa NK, wazikuze maabara mpaka ziwe kali, kisha wamtilie. Wanaiita tiba ya kinga. Fomu ya ridhaa ina kurasa 31. Kikao cha kutia sahihi ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Baba ni dereva wa lori, anakuwa barabarani siku nne kati ya saba. Akirudi anakuja na makaratasi aliyochapa: watoto wenye saratani ya neva waliopandikizwa, wakapewa tiba ya kinga, wakapona. "Kama wale wameweza, kwa nini wetu asiweze?" Mama yeye anaomba dua. Nikimgusia kwamba tumuulize mdogo wangu anavyojisikia, ananijibu, "Mgonjwa haulizwi uji."

Na mdogo wangu? Mbele ya daktari anaitikia kila kitu kwa kichwa. Usiku, akishindwa kulala, anakuja kukaa chini pembeni ya kitanda changu. Juzi aliniambia, "Dada, mimi nimechoka. Sitaki kuwekewa tena. Nataka niende Pangani kwa bibi nikale samaki wa kupaka nikiwa bado natembea kwa miguu yangu." Kisha akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa.

Nimefikiri nifanye hivi: niwaambie madaktari kwamba mimi ndiye nimekataa kutoa damu. Utafiti utakwama, yeye atapumzika, na lawama nitaibeba mimi. Baba hatanisemesha, labda mwaka, labda zaidi. Naona naweza.

Lakini kuna jambo jingine nisipolisema nitakuwa sijakuambia ukweli. Kiingereza cha mama ni cha sokoni tu, kwa hiyo tangu mwanzo mkalimani wake ni mimi. Siku walipotueleza utafiti huu daktari alisema lengo kubwa ni kujua kama ni salama, na kwamba hawatarajii umponye. Mama akanigeukia, macho yake siwezi kuyaeleza. Nikamwambia, "Wanasema wanataka kwanza wahakikishe ni salama, halafu ndipo imsaidie." Na haikuwa mara ya kwanza.

Nifanye nini?

Dada mtu, Houston

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama palepale, kwenye yale maneno ya mwisho kuhusu mama. Umeeleza kwa kirefu kiuno na midomo, na ulipofika kwenye jambo lililokutesa zaidi ukalipitia mbio. Nami nitaanzia hapo.

Nikikuelewa vizuri, mdogo wako ana rabdomiosakoma iliyorudi baada ya kemo, ikaonekana tena baada ya kupandikizwa uloto wako. Umeletewa karatasi ya kutoa tena damu yako kwa ajili ya tiba ambayo bado inajaribiwa. Wazazi wanaitaka. Yeye mbele ya watu anakubali, faraghani anakataa, na kukataa kwake unakujua wewe peke yako. Na mlango ambao maneno ya madaktari yanapitia kwenda kwa mama ni wewe. Binti wa miaka 24 umekuwa mtoaji, mkalimani na mtunza siri kwa wakati mmoja, na sasa unataka uongeze kuwa mbeba lawama.

Nilifanya kazi ya uuguzi miaka mingi kwenye wodi za watoto, nikaona watoto wengi wakiwatafsiria mama zao. Sijakutana hata na mmoja aliyetafsiri habari mbaya kama ilivyo. Mkono hauendi. Unamwona mama anasubiri, unachagua neno lisilokata. Kwa hiyo usijiite mwongo. Umefanya kazi ambayo hukupaswa kupewa. Hospitali za Marekani zinazopokea fedha za serikali, na karibu zote hupokea, zinalazimika kumpa mgonjwa na familia mkalimani aliyefunzwa, bure. Kifungu cha 1557 cha sheria yao ya afya ya 2010 kinasema hivyo, na kutegemea ndugu atafsiri hakuhesabiki kuwa kumetosha. Kiswahili wanacho, mara nyingi kwa simu au kwa video. Akija anayezungumza Kiswahili cha Bukavu na mama hamwelewi, ruksa kuomba mwingine.

Najua hofu yako: mama akisikia maneno yenyewe ataanguka. Pengine ataanguka. Lakini jiulize kidogo: mama huyu anayesema mgonjwa haulizwi uji, amesema hivyo baada ya kusikia nini? Amesikia kuna dawa, wanahakikisha usalama, halafu itasaidia. Ningesikia hayo nami ningesema hivyohivyo. Uji ni uji, unajulikana unashibisha. Alichosema daktari ni kitu kingine kabisa, na mama yako hajapata nafasi ya kukipima. Huenda akishakisikia atautaka utafiti zaidi. Huenda akataka kumshika mwanawe mkono tu. Mimi sijui, nawe hujui, kwa sababu tangu mwanzo kila neno limemfikia likiwa limepozwa.

Sasa makaratasi ya baba. Usiyadharau, kwani yana ukweli ndani yake. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watoto 226 wenye saratani ya neva ya hatari kubwa, waliokuwa wameshapandikizwa. Waliopewa kingamwili inayoishika GD2, alama iliyo juu ya seli za saratani ile, asilimia 66 walifika miaka miwili ugonjwa haujarudi. Wale ambao hawakupewa, asilimia 46. Dawa ikaidhinishwa Marekani mwaka 2015. Ni ushindi wa kweli, na wapo watoto wanaokwenda shule leo kwa sababu yake. Ila wale walirudishiwa seli zao wenyewe, si za ndugu, na ugonjwa wao una alama ambayo dawa iliilenga. Madaktari walipoijaribu kingamwili hiyohiyo kwa vijana wenye saratani ya mfupa iliyorudi mapafuni, haikuleta walichokitarajia.

Sakoma, yaani saratani za mifupa, misuli na tishu nyingine laini, ambazo ya mdogo wako ni mojawapo, ni ukoo wenye watoto wengi wasiofanana tabia. Mwaka 2017 watafiti walitoa matokeo ya pembrolizumabu, dawa ya kuifungua kinga breki, kwa wagonjwa 80 wa sakoma. Kati ya 40 wenye sakoma za tishu laini, uvimbe ulipungua vya kutosha kwa 7. Kati ya 40 wenye sakoma za mifupa, kwa 2 tu. Halafu Agosti 2024 Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya seli za kinga zilizobadilishwa vinasaba kwa ajili ya sakoma, lakini ni kwa watu wazima wenye sakoma ya sinovia, tena wenye aina fulani ya tishu na alama fulani kwenye uvimbe. Tumaini la baba lina mizizi. Lakini mti aliouona yeye ulimea kwenye shamba la jirani, na mtu wa kumweleza hilo ni daktari, si wewe.

Tukija kwenye chembe hizo za NK zenyewe. Ni askari wa damu wanaoua seli ngeni au mbovu bila kungoja kufundishwa, na fikra ya kuzitia baada ya kupandikiza ni nzuri: mwili umeshakubali kinga ya ndugu, basi uongezewe askari wa ndugu yuleyule. Mwaka 2015 kituo cha utafiti cha serikali kule Bethesda, Maryland, kilichapisha matokeo ya jaribio linalofanana sana na hilo mliloletewa. Wagonjwa walikuwa 9, wenye uvimbe wa hatari kama sakoma ya Ewing, ambayo mara nyingi huota kwenye mifupa ya vijana, waliopandikizwa kutoka kwa watu waliolingana nao, kisha wakatiliwa chembe za NK za watoaji zilizokuzwa maabara. Watano kati ya 9 walipata ule ugonjwa wa seli za mtoaji kumshambulia mpokeaji. Watafiti hawakuutarajia, kwa kuwa chembe hizo zilidhaniwa hazina tabia hiyo.

Sikuandikii hili ili kukutisha. Utafiti wenu unaweza kuwa umepangwa tofauti hasa kwa sababu ya waliyojifunza kwa wale tisa. Nakuandikia kwa sababu mdogo wako ameshawahi kushika makaa viganjani, na ana haki ya kuuliza: je, yatarudi? Mmepunguza vipi hatari hiyo? Nikiugua tena nitapewa prednisoloni kiasi gani, na prednisoloni haitawadhoofisha askari haohao mlionitilia? Na hili la kuulizwa mapema: seli zikishaingia hazitolewi. Mtu anaruhusiwa kujitoa kwenye utafiti siku yoyote, lakini kujitoa baada ya kutiliwa maana yake ni kuacha vipimo na miadi tu. Damu iliyoingia imeingia.

Awamu ya kwanza hupima usalama na kiasi cha dawa. Wapo wanaofaidika, na wapo vijana wanaoingia wakijua hawatafaidika wao, wakaona heshima kubwa kuwatengenezea njia wengine. Nimewahi kumuuguza mmoja wa namna hiyo. Alikuwa akiuliza kila asubuhi matokeo yake yameandikwa wapi. Mdogo wako anaweza kuwa wa namna hiyo au asiwe, na yote mawili ni sawa. Ila lazima ajue analoulizwa.

Nije kwake sasa. Unaniambia usiku hataki, mchana anaitikia, na umeamua moyoni kwamba la usiku ndilo la kweli. Inawezekana. Mtoto wa Kiswahili aliyelelewa kuheshimu wakubwa hawezi kumkatalia daktari mbele ya baba yake, kwa hiyo kuitikia kwake nisingekuchukulia kuwa ridhaa. Lakini na maneno ya saa nane za usiku nayo yana vya kuyachanganya. Prednisoloni huvuruga usingizi na roho; nimeona watu wapole wakilia bila sababu, na waliokata tamaa wakafufuka dozi ilipoteremshwa. Uliza kama anaimeza asubuhi, na kama anayo maumivu ambayo hayasemi. Umwulize na yeye, mchana, mkiwa nje, kwenye gari labda, maana vijana husema vizuri wakiwa hawatazamani na mtu: unachokataa ni nini hasa? Ni sindano? Ni kulazwa? Ni yale makaa? Ni kumwona mama akitumaini? Au umemaliza, basi? Haya si maswali yenye jibu moja. Anayeogopa maumivu anahitaji kuahidiwa dawa ya maumivu. Anayeogopa macho ya mama anahitaji mtu wa kukaa na mama. Na aliyemaliza anahitaji kusikilizwa.

Sheria yenyewe haiko mbali naye. Kwenye utafiti wa watoto wazazi ndio hutia sahihi, lakini na kijana naye huombwa kukubali kwake, na timu nyingi hazitaki kumburuza wa miaka 17 anayesema hapana kwa sauti. Akitimiza 18 ridhaa ni yake, hata kama utafiti umeshaanza. Unaweza kufikiri basi tuvute wiki tisa. Fikiri pia kwamba rabdomiosakoma haivuti pumzi. Madoa yanayokua leo yanaweza kumfungia mlango wa utafiti kabla hajafika siku ya kuzaliwa, na hapo utakuwa umemwamulia kwa kungoja.

Ule mpango wako wa kujifanya umekataa umenigusa kuliko nilivyotarajia, kwa sababu najua ungeutekeleza. Kweli unayo haki ya kukataa, bila kueleza sababu. Viwango vya upandikizaji vinataka mtoaji atathminiwe na mtaalamu ambaye si yule anayemtibu mpokeaji, ili awe na mtu wa upande wake, na wapo wataalamu wanaokubali kuiambia familia kwamba mtoaji hafai, wasiseme zaidi. Huyo mtu wako mtafute kabla ya Ijumaa kwa vyovyote vile, hata kama unataka kutoa. Kimwili safari hii huenda ikawa nyepesi kuliko ya kwanza, kwani kukusanya chembe hizi mara nyingi hakuhitaji zile sindano za siku tano.

Lakini tazama nini kitatokea baada ya uongo wenyewe. Mdogo wako atajua kwa nini umefanya hivyo, na baba akikununia mezani, yeye ndiye atakayekaa katikati anakula na hatia. Mama ataamini mpaka siku ya mwisho kwamba dawa ilikuwepo na binti yake akaizuia. Na kama kesho kutwa, usingizi umerudi na dozi imeshuka, kijana akasema "Dada, nimebadili mawazo," utarudi vipi kwenye kiti cha mashine? Unalinda kusema kwake hapana kwa njia itakayomnyima kusema ndiyo. Labda bado utaona ndiyo njia pekee. Wewe ndiye unayeijua nyumba yenu. Nimeona tu niiweke upande wa pili wa mizani.

Kiapo nacho. Hukuapa kwamba hutamwomba akufungue. Mrudie umwambie, "Siri hii inanilemea, naomba unichagulie mtu mmoja tu wa kuijua." Asipotaka mzazi, wapo watu wa ustawi wa jamii, wapo wauguzi, yupo msaidizi wa kiroho, na kwenye hospitali za ukubwa huo huwa ipo timu ya tiba shufaa. Neno tiba shufaa huku nyumbani linawatisha watu, wanadhani ni hukumu. Kazi yao ni maumivu, usingizi, hofu, na kumuuliza mgonjwa anachokitaka. Wanaweza kuwa naye akiwa ndani ya utafiti au nje yake. Mwombe daktari akae na mdogo wako dakika ishirini bila nyinyi. Kwa wagonjwa wa umri wake ni jambo la kawaida, na daktari anaweza kuliomba yeye mwenyewe ili lisionekane limetoka kwenu.

Na Pangani. Nilipofika hapo niliweka barua chini nikatabasamu, maana najua kile kivuko cha Bweni asubuhi na moshi wa vifuu ukipanda nyuma ya nyumba. Mnaizungumzia safari hiyo kana kwamba ni kinyume cha tiba. Je, kuna mtu ameiuliza? Ina hatari zake, sikufichi. Kinga yake bado ni changa, chanjo za utotoni huwa kama zimefutika baada ya kupandikizwa, na zile zenye vijidudu hai haruhusiwi kwa sasa. Malaria kwake si homa ya kulala siku mbili: atahitaji dawa ya kuzuia isiyogombana na anazomeza, chandarua, maji ya kuchemsha, samaki aliyeiva mpaka ndani. Prednisoloni haiachwi ghafla hata mzigo ukipotea uwanja wa ndege, basi iwe kwenye mkoba wa mkononi. Mapafu yakaguliwe kabla ya ndege. Awe na barua ya historia yake yote na namba ya simu ya daktari wake, na Dar es Salaam mjulishe mapema watu wa saratani pale Ocean Road au Muhimbili, maana kutoka Pangani hadi huko ni safari ndefu mtu akizidiwa. Akipata maambukizi akiwa huku anaweza kuondolewa kwenye orodha ya utafiti.

Hata hivyo chembe za NK hazikui kwa usiku mmoja. Kati ya kukutoa wewe damu na kumtilia yeye huwa kuna muda. Kati ya kipimo kimoja cha CT na kingine kuna muda. Muulizeni daktari kwa swali la wazi: siku kumi zinapatikana wapi, na tukizichukua tunapoteza nini? Akisema hazipo, bibi ana simu. Wapo watoto wa jirani wa kumshikia video akiwa anapaka nazi samaki wake, na mdogo wako amwelekeze akiwa jikoni kwenu Houston, wewe ukiwa mkono wake wa kukuna nazi.

Kama ungeniuliza ningeanza na lipi kesho asubuhi, ningepiga simu moja tu, ya kuomba mkalimani wa Kiswahili kwa kikao cha Ijumaa, na ningemwambia mama usiku huu, kabla hajasikia kwa mtu mwingine: "Mama, maneno ya daktari ni mazito kwangu, nimekuwa nikiyapunguza. Nataka safari hii uyasikie mwenyewe, mimi nikae tu kama mwanao." Atakuuliza umepunguza nini. Huna haja ya kumjibu yote palepale. Mkalie karibu.

Baba naye aombwe apange zamu zake awepo. Yale makaratasi aje nayo, amuulize daktari moja baada ya jingine, hata ikichukua saa nzima.

Ukishamaliza kikao, niandikie. Na usiku wa leo kijana akija kukaa pembeni ya kitanda, mpe shuka lako la pili, sakafu za huko ni baridi.

Mshauri wako